Kukaa Kwenye Jopo la Kuthibitisha Mawakili Mabingwa Uganda: Mwongozo Kamili

"Mwombaji hakufikia kiwango kinachotakiwa." Sentensi hii inaharibu kazi ya majopo mengi. Wakili anayeomba kutambuliwa kuwa bingwa wa fani fulani amejaza fomu, amekusanya kesi za miaka kadhaa, amelipa ada, amekaa mbele ya jopo akahojiwa, kisha anapokea barua fupi isiyosema kiwango ni kipi wala yeye alipungukiwa wapi. Anakata rufaa. Jopo linaulizwa lilifikaje kwenye uamuzi huo, na faili likifunguliwa halina karatasi za alama wala kumbukumbu za kikao. Kila mwanajopo anakumbuka lake.

Wanaoangukia hapo ni mawakili wazuri, wazoefu, wenye nia safi. Wanaingia kwenye jopo wakidhani kazi yao ni kutambua bingwa wakimwona. Kazi yao hasa ni kupima ushahidi wa ubingwa kwa namna ambayo mtu mwingine, asiyemjua mwombaji wala wao, anaweza kuifuata hatua kwa hatua na kuielewa.

## Mwongozo huu ni wa nani

Leseni ya mwaka ya uwakili, inayokwisha kila tarehe 31 Desemba, haitenganishi fani. Aliye nayo anaweza kushika kesi ya ardhi asubuhi na ya kodi mchana. Kwa sababu hiyo kwetu Uganda ubingwa mara nyingi hutambuliwa kwa njia ya orodha: orodha ya wapatanishi na wasuluhishi, wasimamizi wa ufilisi chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2011, mawakili wa watoto ambao shirika linawaamini, mawakili wa nje wa benki au taasisi ya umma. Kila orodha ina watu wanaoamua nani aingie na nani asiingie. Ukiitwa kuwa mmoja wao, haya yanakuhusu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Waraka wa uteuzi wako, wenye sahihi, unaosema jopo limepewa mamlaka na nani na muhula wako ni wa muda gani.
- Kanuni au tangazo ambalo waombaji walilisoma walipoomba. Lipate lenyewe, muhtasari wa katibu hautoshi.
- Fomu ya kutangaza mgongano wa maslahi, moja kwa kila mwanajopo kwa kila duru (awamu) ya maombi.
- Karatasi ya alama yenye maelezo ya kila alama.
- Orodha kamili ya majina ya waombaji na ofisi zao, bila mafaili.
- Mahali pamoja salama pa kuhifadhia mafaili. Kundi la WhatsApp halifai.
- Katibu anayejua kuandika kumbukumbu za kikao, asiye na kura.
- Mwanajopo mmoja angalau asiye wakili. Kwa orodha ya watoto, afisa wa ustawi wa jamii; kwa ufilisi, mhasibu.

Kimoja kikikosekana, ahirisha. Ni afadhali duru ichelewe wiki mbili kuliko irudiwe yote.

## Hatua ya 1: Jua mamlaka yako yanaishia wapi

Soma waraka wa uteuzi na tangazo kwa pamoja, ukitafuta majibu ya maswali matatu: je, jopo linaamua au linapendekeza tu? Mwombaji akikataliwa anakata rufaa kwa nani? Na je, jopo linaruhusiwa kuongeza sharti ambalo halikutangazwa?

Jibu la swali la tatu karibu kila mara ni hapana. Kama tangazo lilisema miaka mitano ya kazi, mwenye miaka mitano na miezi miwili ametimiza sharti, hata kama wanajopo wote wanaona miaka minane ingefaa zaidi.

Sababu yake iko kwenye Katiba ya 1995. Ibara ya 42 inampa kila anayefika mbele ya afisa au chombo cha kiutawala haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani kuupinga uamuzi uliomgusa. Pale jopo linapofanya kazi ya umma, aliyekataliwa anaweza kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi chini ya kanuni za 2009 za mapitio ya mahakama. Anapaswa kuleta ombi lake ndani ya miezi mitatu, na mahakama itaangalia kama uamuzi ulikiuka sheria, kama haukuwa na mantiki, au kama taratibu zilivunjwa. Haitauliza kama mwombaji ni bingwa. Itauliza ninyi mlifanyaje.

Hatua hii imekamilika ukiweza kueleza kwa maneno yako, bila kuangalia karatasi, jopo lako linaweza kufanya nini na haliwezi nini.

## Hatua ya 2: Tangaza mgongano wa maslahi, kisha toka chumbani

Mawakili wa Uganda tunajuana. Karibu wote tumepitia LDC (chuo cha mafunzo ya vitendo vya sheria), wengi tumesoma pamoja Chuo Kikuu cha Makerere, na aliyekuwa mpinzani wako jana kwenye kesi ya Mbarara leo mko meza moja kwenye kamati ya harusi. Ukisema kila anayemjua mwombaji ajitoe, jopo litabaki tupu. Kwa hiyo gawanya uhusiano mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la kutoka bila mjadala: ndugu na wakwe, mshirika au mwajiri wa sasa au wa miaka ya karibuni, mtu unayedaiwa naye au unayemdai, na mtu mnayepambana naye kwenye kesi ambayo bado haijakwisha. Huyo wa mwisho husahaulika. Ukimpa alama ndogo utaambiwa umelipiza; ukimpa kubwa, mteja wako ndiye atakayeuliza mliongea nini.

Fungu la pili ni la kutangaza na kuliachia jopo liamue: mlisoma darasa moja, mliwahi kushirikiana kwenye kesi iliyokwisha, mnasali kanisa au msikiti mmoja, aliwahi kuwa mwanafunzi wako wa mafunzo ya vitendo. Mara nyingi jopo litakuruhusu ubaki. La msingi ni kwamba limeandikwa kabla ya faili kufunguliwa. Ndiyo maana orodha ya majina hutangulia mafaili.

Sasa tahadhari, na hapa ndipo majopo mengi hukosea. Kutangaza kisha kukaa kimya chumbani hakutoshi. Kuna kesi ya Uingereza iliyoripotiwa mwaka 1924, ya mahakimu wa Sussex, ambayo kila aliyesoma sheria anaijua kwa ile kauli yake kwamba haki lazima ionekane ikitendeka, lakini wachache hukumbuka kilichotokea hasa. Karani wa mahakama alitoka kwenye ofisi ya mawakili iliyokuwa ikimdai mshtakiwa, kwa niaba ya mteja, fidia ya ajali iliyozaa kesi hiyo. Mahakimu walipoingia chumbani kushauriana, karani akaingia nao. Hawakumuuliza neno, naye hakusema neno. Hukumu ikafutwa hata hivyo. Kwa hiyo mwanajopo mwenye mgongano asimame na kutoka, na katibu aandike saa aliyotoka na saa aliyorudi.

## Hatua ya 3: Kubalianeni maana ya kila alama kabla ya kufungua faili hata moja

Tengeni nusu siku kwa hatua hii. Wengi huiruka kwa sababu tangazo tayari lina vigezo: "ujuzi wa sheria", "uzoefu", "uadilifu". Lakini "uzoefu" una maana tofauti kwa kila aliye mezani. Mmoja anahesabu miaka, mwingine anahesabu kesi, wa tatu anapima ukubwa wa fedha zilizogombaniwa.

Tumieni ngazi nne tu. Ngazi kumi huwapa watu pa kujificha, maana sita na saba hakuna awezaye kuzitofautisha. Andikeni kila ngazi kwa kitendo kinachoonekana. Kwa kigezo cha kushughulikia mteja aliye katika hali ngumu, kwa mfano:

1. Hamsikilizi mteja, anatoa ushauri kabla ya kujua mambo ya msingi.
2. Anauliza maswali sahihi lakini mteja anaondoka bila kujua hatua inayofuata.
3. Anapata mambo yote ya msingi, anaeleza hatua na gharama kwa lugha ambayo mteja anaielewa.
4. Hayo yote, na anaona tatizo ambalo mteja hakulitaja, analishughulikia kwa mpango.

Bingwa ni wa ngazi ya tatu kwenda juu. Amueni hilo sasa, siyo mkiwa mmeshaona alama.

Amueni pia kiasi cha kazi mnachotaka kuona. Ujerumani, ambako cheo cha wakili wa fani kimewekwa kwenye sheria, kanuni zinataja hesabu wazi: mwombaji wa sheria ya kazi anaonyesha mashauri 100 aliyoyashughulikia mwenyewe ndani ya miaka mitatu kabla ya kuomba, na wa sheria ya familia 120. Msizibebe namba hizo kama zilivyo. Mazingira ni tofauti. Mnachoweza kuchukua ni ule msisitizo wa "mwenyewe". Jina la mwombaji likiwa kwenye hati za ofisi, haimaanishi kazi ni yake.

### Usimwadhibu wakili wa mkoani

Hili nalitaka lisomwe polepole. Jopo likihesabu hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zilizochapishwa mtandaoni, limeshachagua mawakili wa Kampala bila kujua. Hukumu za mahakama za mahakimu kwa sehemu kubwa hazichapishwi. Wakili wa Arua, Moroto au Kisoro anayetumia wiki nzima kwenye mirathi, unajisi wa watoto na mipaka ya ardhi ya kimila mbele ya hakimu mkuu anaweza kuwa na ujuzi wa fani hiyo kuliko mwenzake mwenye ofisi yenye kiyoyozi Nakasero, na bado ukitafuta jina lake kwenye ULII (tovuti ya hukumu na sheria za Uganda) usimpate.

Kwa hiyo kubalini ushahidi wa aina nyingi: nakala za maamuzi ya mahakimu, mikataba ya maridhiano iliyosajiliwa mahakamani, barua za afisa wa ustawi wa jamii, maoni ya kisheria yaliyofichwa majina. Andikeni kwenye karatasi ya alama kwamba ngazi ya mahakama haiongezi alama. Ugumu wa shauri ndio unaoongeza.

Utajua mmefaulu mkichukua faili moja la kubuni, kila mmoja akaliwekea alama peke yake, na wote mkatofautiana kwa ngazi moja tu au msitofautiane kabisa. Mkitofautiana kwa ngazi mbili, maelezo bado hayajakaa sawa. Yaandikeni upya.

## Hatua ya 4: Soma mafaili peke yako

Kila mwanajopo asome kila faili na kuandika alama zake kabla ya kuzungumza na yeyote. Sababu ni rahisi. Mtu mwenye sauti au cheo akishasema "huyu namjua, ni mzuri sana", alama za wengine zote zitasogea upande wake, hata za wasiokubaliana naye.

Anza na ya lazima, yasiyopewa alama: jina liko kwenye daftari la mawakili, leseni ya mwaka huu ipo, miaka inayotakiwa imetimia. Uliza pia, kwa njia rasmi na kwa idhini ya mwombaji, kama kuna uamuzi wa Kamati ya Nidhamu ya Baraza la Sheria dhidi yake. Nasema uamuzi. Malalamiko ambayo hayajasikilizwa ni malalamiko tu, na wakili yeyote anayeshinda kesi nyingi za ardhi atakuwa nayo. Fungueni nafasi ya mwombaji kujieleza kuhusu chochote mlichopata nje ya faili lake. Habari aliyoileta mwanajopo kutoka korido za mahakama, ambayo mwombaji hakuoneshwa, haina nafasi mezani.

Kisha ingia kwenye kazi zenyewe. Chagua mashauri mawili au matatu kutoka kwenye orodha yake, wewe ndiye uyachague, na umwombe katibu ahakikishe yapo kweli: kwenye ULII, kwenye mfumo wa kielektroniki wa kesi wa Mahakama ulioanza kutumika 2022, au kwa msajili wa mahakama husika. Angalia nafasi yake ilikuwa ipi. Alisimama yeye au alibeba mafaili?

Tahadhari ya siri za wateja: siri ni mali ya mteja, siyo ya wakili, na jopo halina ruhusa maalumu ya kuiona. Hati yenye jina la mtoto, mgonjwa au mdai aliyeridhiana kwa siri irudishwe kwa mwombaji aifiche majina kabla ya mtu wa pili kuisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu pia ninyi mnaokusanya mafaili hayo: kusanyeni yale tu mnayoyahitaji.

## Hatua ya 5: Waulize wadhamini maswali yenye jibu

Barua za sifa zina thamani ndogo. Zote husema mwombaji ni mchapakazi, mwaminifu na anayejituma. Mpelekee mdhamini karatasi yenye maswali manne mafupi: Ulimwona akifanya kazi gani, lini? Kitu gani kigumu kilitokea kwenye shauri hilo, naye alifanya nini? Ungempa shauri la ndugu yako la aina hii, na kwa nini? Kuna aina ya shauri la fani hii ambalo usingempa?

Swali la mwisho ndilo linalofungua mlango. Mdhamini anayejua kazi ya mwombaji atakuwa na jibu. Asiyeijua ataandika "hakuna".

Tafuta mdhamini mmoja aliyekuwa upande wa pili wa kesi. Sifa ya mpinzani ina uzito ambao ya rafiki haina.

## Hatua ya 6: Mtihani na mahojiano

Siyo kila jopo lina mtihani, na siyo kila mwombaji anahitaji kuhojiwa. Ujerumani kamati humwita mwombaji kwenye mazungumzo pale nyaraka zisipotosha, na mazungumzo hayo hupangiwa dakika 45 hadi 60. Huo ni muda unaofaa hata kwetu. Dakika 15 zinapima ujasiri tu.

Kwenye majimbo ya Australia wanaoomba ubingwa huandika mtihani, hushughulikia faili la kubuni, na humhoji mteja wa kuigiza. Kama mna uwezo wa kufanya kimoja tu, fanyeni hilo la mteja. Linaonyesha mambo ambayo karatasi haiwezi.

Tuseme orodha ni ya mirathi. Mwigizaji ni mama mjane kutoka Koboko, anaongea Kiswahili, Kiingereza hajui. Mumewe amefariki bila wosia, ameacha watoto wanne, mmoja wa nje ya ndoa. Shemeji ameshachukua funguo za nyumba. Mpeni mwombaji dakika 20 naye. Mtazameni: anauliza kwanza mama atalala wapi usiku wa leo, au anaanza na barua za usimamizi wa mirathi? Anauliza juu ya mtoto wa nje bila kumwaibisha mama? Anasema Kiswahili kinachoeleweka au anamwaga Kiingereza cha mahakamani? Akihitaji mkalimani, anaongea na mama au anaongea na mkalimani?

Halafu mwulize sehemu ya mjane ni kiasi gani. Kabla ya marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022, mjane aliyeachwa na watoto, wategemezi na mrithi wa kimila alipata asilimia 15. Baada yake anapata asilimia 20, na watoto wanabaki na 75. Mwombaji anayejibu 15 bila kusita amewashauri wajane kwa sheria ya zamani tangu wakati huo. Hilo ni kosa zito kwa anayeitwa bingwa, hata kama ufasaha wake unavutia.

Kwa orodha ya ardhi, jaribuni swali la namna hii: mzee wa Mukono mwenye mailo (ardhi ya umiliki wa kudumu) anauza ekari mbili, mkewe anaishi hapo na hakukubali, na ndani ya ekari hizo kuna mwenye kibanja (mkaaji kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine) aliyekaa tangu 1980 bila kusumbuliwa. Bingwa ataona mara moja idhini ya mke. Ataona kwamba mwenye kibanja analindwa kwa sababu alikuwa amekaa zaidi ya miaka 12 kabla ya Katiba kuanza kutumika Oktoba 1995, na kwamba anapaswa kupewa nafasi ya kwanza ya kununua. Aliyezoea kufanya kazi hiyo atauliza pia busuulu (kodi ya ardhi anayolipa mkaaji) imelipwa lini na risiti ziko wapi, kabla hujamwongoza.

Jambo moja dogo linalozua ugomvi mkubwa: namba za vifungu. Toleo lililorekebishwa la Sheria za Uganda lililoanza kutumika 1 Julai 2024 lilibadilisha namba za sura na za vifungu vingi. Amueni kabla ya mtihani kama mtakubali namba za zamani, na mwandike hivyo kwenye maelekezo ya watahiniwa. Ushauri wangu ni mzikubali. Mnampima mtu kama anajua sheria inasema nini, siyo kama amekariri namba mpya.

Waulizeni wote maswali yaleyale ya msingi, kwa mpangilio uleule. Swali la kufuatilia linaruhusiwa, mradi linatokana na jibu lake. Maswali kuhusu ndoa, ujauzito, kabila au chama chake cha siasa hayaruhusiwi hata kwa mzaha wa kuvunja ukimya, na mwenyekiti awe tayari kumkatiza mwanajopo papo hapo.

## Hatua ya 7: Linganisheni alama

Katibu aweke alama za wote ubaoni kwa wakati mmoja. Anayeanza kueleza awe mdogo kwa cheo, mwenyekiti awe wa mwisho. Zungumzeni tu pale mlipotofautiana kwa ngazi mbili au zaidi.

Kubadilisha alama kunaruhusiwa, kwa sharti moja: anayebadilisha aandike ni kitu gani kwenye faili alichokuwa hajakiona. "Nimeshawishika" siyo sababu. "Sikuwa nimesoma uamuzi wa hakimu ulio kwenye kiambatisho cha tatu" ni sababu. Alama ya kwanza isifutwe. Ichorwe mstari, ibaki inasomeka.

## Hatua ya 8: Andika sababu ambazo mwombaji anaweza kuzifanyia kazi

Hapa ndipo barua ile ya mwanzo huandikwa vibaya. Tazama namna mbili za kumwambia mtu huyohuyo.

Ya kwanza: "Jopo limezingatia ombi lako kwa kina na limeona kwamba hukufikia kiwango cha ujuzi kinachotakiwa. Unakaribishwa kuomba tena."

Ya pili: "Kwenye kigezo cha kuandaa hati ulipata ngazi ya 3. Kwenye kigezo cha sheria ya sasa ulipata ngazi ya 2, na ngazi ya 3 ndiyo inayohitajika. Kwenye mahojiano ulitumia mgawanyo wa mirathi uliokuwepo kabla ya 2022, na katika maoni ya kisheria uliyoyaambatisha kama kielelezo cha pili ulitumia mgawanyo huohuo. Vigezo vingine vyote ulivitimiza. Ukiomba tena, hutahitajika kuvirudia vigezo hivyo katika duru ijayo."

Ya pili ni ndefu kidogo tu, lakini mwombaji anajua afanye nini Jumatatu asubuhi. Na akienda kwenye rufaa, wanaosikiliza rufaa wanajua waangalie wapi. (Ile sentensi ya mwisho iandikwe tu kama kanuni zenu zinaruhusu.)

Aandike mwanajopo mmoja, wasome wote, na isitoke kabla kila mmoja hajakubali kwamba hiyo ndiyo sababu iliyowaongoza. Msitie sababu mpya ambayo haikuzungumzwa kikaoni. Msimlinganishe na mwombaji mwingine kwa jina wala kwa dokezo.

Waliofaulu nao waandikiwe sababu, kwa ufupi. Siku mmoja wao atakapolalamikiwa, mtaulizwa mlimwingiza kwa msingi gani. Na wakumbusheni kwamba kanuni za maadili za mawakili bado zinawabana juu ya kujitangaza: kuwa kwenye orodha hakuwapi ruhusa ya kuweka bango la "bingwa" barabarani Jinja Road.

Kipimo cha hatua hii: mpe barua wakili asiyekuwa kwenye jopo. Akiweza kukuambia mwombaji alikosa nini na alionekana wapi amekosa, barua iko tayari.

## Hatua ya 9: Baada ya barua kutoka

Rufaa ikija, jopo lililoamua lisikae kuisikiliza. Peleka faili lote kama lilivyo, bila kuongeza maelezo ya baadaye. Usizungumze na mwombaji aliyekataliwa kwa simu, hata akiwa rafiki, hata akiuliza kwa upole. Mwelekeze kwa katibu.

Wekeni tarehe ya kupitia orodha tena. Uthibitisho usio na mwisho humbakisha bingwa wa zamani kwenye orodha hata akiwa hajashika kesi ya fani hiyo kwa miaka mitano. Anayetaka kubaki aonyeshe kazi za karibuni na masomo ya kuendelea katika fani hiyohiyo.

Mafaili ya waombaji yasibaki kwenye kompyuta yako ya ofisini. Muda wa rufaa na wa kwenda mahakamani ukipita, katibu abaki na karatasi za alama, kumbukumbu za vikao, fomu za mgongano na barua. Hati za wateja zirudishwe kwa wenyewe au ziharibiwe, na iandikwe ni lini na nani aliyefanya hivyo. Muhula wako ukiisha, saini fomu ya kukabidhi, futa nakala kwenye simu na barua pepe yako, na umwombe katibu akuondolee ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi ya jopo siku hiyohiyo.